Nilitafsiri "amechoka" kule Endabash, kumbe nilimficha mama wa watu

Wakuu, habari za humu ndani.

Hili ni langu mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nimebadilisha kwa sababu watoto wao wapo na huenda wanasoma uzi huu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Karatu. Likizo moja akaja dada mtafiti kutoka Dar, daktari wa magonjwa ya akili. Alikuwa anafanya research kuhusu familia zilizohama: zinawatunzaje wagonjwa wao huko ugenini?

Endabash kulikuwa na Wairaqw wengi walioshuka kutoka Mbulu kutafuta mashamba. Mimi Mwiraqw, nikachukuliwa kuwa mkalimani.

Kazi niliiona nyepesi. Anauliza kwa Kiswahili, nasema Kiiraqw, narudisha jibu. Kila nyumba chai. (Vijana, sukari enzi hizo ilikuwa ya kutafuta, tulikunywa hivyo hivyo.)

Siku ya tatu tukafika kwa Tluway. Huyu bwana aliugua mwaka mmoja baada ya kuhama. Alikuwa anasikia sauti, anavua nguo, siku nyingine anapotelea porini. Mkewe, Mama Theresia, ndiye aliyekuwa akimtafuta, akimwogesha na kumlisha. Na shamba analima yeye, na watoto wanne analea yeye.

Kaka mkubwa wa Tluway, Mzee Margwe, alikaa nasi muda wote. Ndiye mkubwa wa boma.

Dada akamaliza maswali ya mgonjwa, akamgeukia mama. "Na wewe unaendeleaje?"

Mama Theresia akajibu polepole, anaangalia chini: "Siku hizi nikienda korongoni kuteka maji, nafikiria nisirudi."

Kabla sijatafsiri, Mzee Margwe akaniambia kwa Kiiraqw, bila kupandisha sauti: "Mwalimu, mwambie amechoka tu."

Mzee wa ukoo wangu yule. Nikasema, "Anasema amechoka."

Dada akaandika. Tukaaga.

Gari lilipokaribia njia kuu nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia alichosema mama, neno kwa neno.

Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alifungua daftari akanionyesha. "Mwalimu, kwenye karatasi hii mama huyu ni mzima."

Akamwambia dereva ageuze.

Tulimkuta anatoka na ndoo. Dada akaomba kumsindikiza majini, mimi nikafuata nyuma. Njiani akaniambia, "Muulize kama anafikiria kujiua. Usizungushe."

Wakuu, kwetu neno hilo halitamkwi mbele ya mtu mzima. Nililitamka hivyo hivyo.

Mama Theresia akaweka ndoo chini. "Ndiyo," akasema. Kisha akaendelea: "Tangu Tluway augue, kila anayekuja anauliza habari zake yeye tu. Kwetu Mbulu dada zangu wangenishika mkono. Hapa ningemwambia nani?"

Walikaa kwenye majani karibu saa nzima. Mimi nikawa mdomo tu, sikupunguza neno.

Dada aliandika barua ya kumpeleka Tluway hospitali. Mimi nikatuma ujumbe Mbulu kwa basi. Baada ya siku nne dada yake Mama Theresia akafika, akamchukua pamoja na watoto, akapumzike hadi mavuno.

Mzee Margwe alikataa ile barua. Aliniambia mambo ya nyumba yake nimeyauza kwa wageni. Akaacha kuitikia salamu yangu.

Ila sasa Tluway alibaki mikononi mwake yeye na mkewe.

Wiki ya tatu mzee akaja shuleni, amekonda, kiatu kimoja kimechanika. Alisimama mlangoni mwa darasa mpaka nikatoka.

"Mwalimu, ile barua bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Tulimpeleka Tluway pamoja.

Sitawadanganya kwamba alipona. Dawa zilimtuliza, akawa anaweza kuchunga na kula mwenyewe, na miezi mingine anarudi nyuma. Mama Theresia alirudi baada ya mavuno kwa sharti lake mwenyewe: kazi ya kumtunza Tluway igawanywe kwa zamu, na mzee awe na siku zake. Mzee alikubali mbele ya ndugu. Mama yule alizeeka, akaona wajukuu.

Nilichojifunza: mtu akikwambia maneno mazito, usiyapunguze ili wenye nyumba wasione aibu. Na anayehama huwaacha nyuma wale ambao wangemsaidia kumbeba mgonjwa.

Karibuni tuchangie. Kama kwenu kuna mgonjwa wa namna hii, habari zake tutazisikia baadaye. Tuambie kwanza ni nani anayemwogesha, na mara ya mwisho ulimuuliza lini huyo mtu hali yake.