Mtoto Mmoja, Mizani Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini sikupima mtoto hata mmoja. Nilipima jiwe. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, kwenye zahanati ndogo ya Machame, na mkuu wangu alikuwa Mganga Msaidizi, mzee mwembamba ambaye hakuamini kitu chochote chenye mshale. Alinibebesha jiwe la mtoni tukaenda nalo hadi ghala la kahawa.

"Leo mnauza mawe?" akauliza karani wa mizani.

"Si mnasema kahawa yetu imejaa mawe? Nimekuletea yasiyo na kahawa. Pima, bwana."

Likawa kilo tano. Mganga hakuridhika, kwa kuwa hakuna mkulima aliyeiamini mizani ile. Tukarudi zahanati, tukajaza maji lita tano kwenye ndoo, maana lita moja ya maji ni kilo moja, tukaining'iniza, kisha tukatoa uzito wa ndoo tupu. Tukaning'iniza na jiwe. Maji na jiwe vikalingana. Hapo ndipo alipolikubali jiwe.

"Mizani inachoka kama mtu," aliniambia. "Springi ikilegea, mtoto anaonekana mzito kuliko alivyo, na mama anarudi nyumbani anafurahi bure. Kila asubuhi uihoji kwanza kwa jiwe hili."

Mizani yetu ilikuwa ya kuning'inia, yenye uso wa duara kama saa, na chini yake ndoano ya kushikia suruali ya kupimia. Unaanza kwa kuning'iniza suruali tupu, unazungusha skrubu mpaka mshale usimame kwenye sifuri, ndipo mtoto anaingia. Unasubiri aache kurusha miguu. Unasoma macho yako yakiwa usawa wa mshale, kwa sababu ukisoma ukiwa chini au juu yake unapata namba nyingine.

Kazi ngumu ilikuwa kumvua mtoto nguo. Mlimani ukungu ukishuka, bibi hakubali mjukuu wake abaki wazi, tena mbele ya macho ya watu asiowajua. Mganga aliruhusu nguo, lakini ilikuwa lazima kuandika kwenye kadi kwamba mtoto alipimwa nazo. Alipostaafu, wengi waliacha kuandika. Kisha serikali ikafungua biashara ya nje, mitumba ikajaa, na watoto wa mlimani wakaanza kuvaa sweta nene za Ulaya.

Nilihamishiwa kliniki moja ya mjini Moshi, upande wa Soweto, chini ya Muuguzi Mkunga aliyekuwa mkali kuliko joto la pale. "Mizani ileile, mtoto bila nguo, hajatoka kunyonya sasa hivi," alikuwa akisema. "Ukibadilisha hata kimoja, hujapima. Umekisia."

Kwake nilijifunza mizani ya kusimamia. Mama anapanda peke yake, unaandika pembeni. Anapanda tena amembeba mtoto, unatoa. Kinachobaki ndicho uzito wa mtoto, nacho kinaingia kwenye kadi. Uzito wa mama haukuwa na mahali pa kuandikwa. Tuliufuta.

Kituo changu cha tatu kilikuwa Bomang'ombe, miaka ya tisini, chini ya Mganga Mfawidhi, kijana mwepesi na mwenye huruma. Huko ndiko alikokuja Ndeshi.

Ndeshi alikuwa mke wa muuza mitumba. Mumewe alikuwa amemtoa mlimani kwa mkwewe, wakapanga chumba karibu na soko. Alikuja na binti yake, Nuru, aliyekuwa amepita mwaka mmoja, na nyuma yake mama mkwe wake, mama wa Machame aliyesimama wima kama mgomba mchanga.

Nilimning'iniza Nuru bila nguo. Ukilinganisha na uzito ulioandikwa mlimani mwezi uliopita, alikuwa amepungua zaidi ya kilo. Kwenye kadi alitoka rangi ya kijani akaangukia kijivu, rangi ya uzito mdogo.

"Nilijua!" mama mkwe akasema. "Natuma maziwa kila asubuhi kwa basi. Yanaishia sokoni. Anayauza huyu."

"Siyauzi, mama."

"Basi yanakwenda wapi? Anakunywa paka?"

Ndeshi akageuza uso. Alitazama mlango. Mimi pia nilimshuku, kwa sababu mtu asiye na jambo hutazama watu. Mfawidhi alifikiri kidogo, akasema huenda ni heri mtoto arudi kwa bibi yake. Hapo Ndeshi alimkumbatia Nuru kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

Nikamuuliza mama mkwe, "Mama, kule juu alipimwa amevaa nini?"

"Kwani nimvue kwenye baridi ile? Alivaa sweta zake mbili, na shali."

Zilikuwemo kwenye kikapu chake. Nikazipima. Zilikula sehemu kubwa ya kilo ile, na kilichobaki kingeweza kuwa kosa la springi iliyolegea kule juu. Mtoto hakuwa amepungua; kijani cha kule juu ndicho kilichokuwa cha uongo.

"Sasa tuthibitishe kwa mizani nyingine," akasema Mfawidhi. "Mama Nuru, panda."

Ndeshi akarudi nyuma. "Mpimeni yeye tu. Mimi kichwa kinaniuma."

"Mnaona?" mama mkwe akadakia. "Anaogopa mpaka mizani!"

Alipanda mwishowe, kwanza peke yake, kisha na mtoto. Tukatoa. Uzito wa Nuru ukawa uleule wa mizani ya kuning'inia. Mfawidhi akaandika, akashusha pumzi. Mimi nilikuwa bado natazama ile namba ya kwanza, tuliyokuwa tuifute. Haikuwa namba ya mwanamke mrefu vile. Na siku ile Bomang'ombe jua lilikuwa linachoma, naye alikuwa amevaa sweta na vitenge viwili.

"Ndeshi," nikamwambia, "vua sweta, mwanangu."

Alivua taratibu. Mabega yalikuwa yamebaki mifupa. Akakohoa, kikohozi alichokuwa amekizuia tangu aingie.

"Chakula hakishuki," alisema. "Maziwa nampa yote yeye. Nilijua mkiniona mtanichukulia mtoto."

Mama mkwe alikaa kwenye benchi. Baadaye akamwambia Mfawidhi, "Mtoto peke yake simtaki. Nipe wote wawili."

Ndeshi alitibiwa kikohozi hospitali, ingawa ugonjwa wenyewe miaka ile haukuwa na tiba, kisha akapanda mlimani. Sikumwamini yule mama mkwe. Nilikwenda bila taarifa, nikakuta Ndeshi ana bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na mkwewe amesimama juu yake: "Maliza, mwizi wa maziwa, au nikunyweshe kwa mrija!" Ndeshi alikuwa anacheka.

Aliishi mpaka Nuru akakaribia kuanza shule. Alizikwa kihambani kwao, kwenye migomba ya nyumbani, nami nilisimama nyuma. Bado namwombea.

Nimestaafu sasa. Akina mama wa jirani huniletea kadi, wengine wana mizani zao za dukani zenye namba za kuwaka, nazo siziamini pia. Nauliza ni mizani ipi, mtoto alivaa nini, na kama alikuwa ametoka kula. Kisha namwambia aliyembeba, "Nipe mtoto nimshike. Panda wewe."