Fataki za sherehe ya dada na ng'ombe wa mahari

Leo nimepiga kelele mbele ya watu wote. Mimi! Niliyekuwa naogopa hata kujibu "nipo" darasani.

Ilikuwa sherehe ya dada Rhobi, hapa nyumbani Nyarero. MC alipanga fataki chini ya turubai, karibu kabisa na shela la dada. Kiberiti kilikuwa tayari mkononi.

Nikajikuta nimesimama. "Kaka, hapana! Turubai litashika moto! Peleka kule!"

Wote wakanigeukia.

MC akatii, akazipeleka nilikoonyesha kidole.

Jamani, kule ni zizini. Na zizini walikuwemo ng'ombe wa mahari, wamefika asubuhi hii hii.

Paa! Paa!

Wakavunja uzio, wakaingia kwenye mahindi. Baba akashika kichwa: "Mahari inakwenda!" Mimi nikajificha nyuma ya masufuria.

Bwana harusi akavua koti na viatu, akawakimbilia na soksi zake nyeupe. Amewarudisha wote, suruali imejaa matope hadi magotini.

Bibi yetu, ambaye tangu uchumba alikuwa hamtaki kabisa, akamtazama, akacheka mpaka machozi.

"Haya, huyu mpeni mke."

Sasa niambieni: nimeharibu sherehe, au nimeokoa ndoa?