Kuku Mwekundu wa Jumapili ya Mavuno

Kabla ya mwaka ule ningekuambia hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Nilikuwa nimeona wazungu wakifunga masanduku na kuacha ng'ombe wakilia kukamuliwa. Mimi niliyeishia darasa la tatu, niliyebeba magunia stesheni ya Eldoret mpaka mgongo ukaota sugu, nilikuwa na lori langu na nyumba ya saruji. Wa rika langu nani mwingine aliweza?

Shamba la Moiben tulilinunua kwa hisa, kikundi cha watu wa kanisa letu, na mimi ndiye niliyekusanya pesa. Mama mmoja mjane, muuza mboga, alikuwa amelipa zaidi ya nusu ya hisa yake. Wiki ya mwisho ya kulipa akanijia.

"Mzee, nishikie nafasi. Mahindi yakikauka nauza, namaliza."

"Wewe lala tu, mama," nikamwambia.

Siku ya mwisho ilipofika nikamrudishia pesa zake, nikaandika hisa yake kuwa yangu. Nikajisifu kwamba sikumla hata senti. Yeye akazifunga kwenye kitambaa, akarudi Yamumbi kwa chumba chake cha kupanga.

Kisha mke wangu akajifungua vibaya. Mtoto hakuishi, na mama yake akabaki hospitali hajitambui. Nilimwendea daktari na mfuko umejaa, nikamwambia ataje bei. Akasema, "Hapa ni kungoja tu, mzee." Kungoja! Hicho sikuwahi kujifunza. Nikawa narudi nyumbani nakaa kwa kiti na viatu vyangu, chakula hakipiti.

Kwetu nyumba ikipata shida, akina mama wa kanisa huja kuomba, kila mmoja na kitu mkononi. Walikuja, na aliyewaongoza ni yule mjane. Alileta kuni na kibuyu cha maziwa lala. Sikujua niangalie wapi. Wakaimba, kisha akapiga magoti kwenye sakafu yangu, ile niliyomwonyesha kila mgeni, akaomba: "Baba, huyu umempa shamba. Sasa mpe usingizi, umrudishie na mama wa nyumba hii."

Nilingoja anishtaki mbele za Mungu. Hakunishtaki. Na maneno yake, nakwambia ukweli, yaliniingia kama uji wa moto kwa mtu aliyenyeshewa. Nikalia mbele ya wanawake, mimi! Usiku huo nililala mpaka jua likatoka. Kuamka tu, aibu ikanikamata: usingizi wangu nimeombewa na mtu niliyemnyima pa kulala. Tangu hapo kila wimbo wa kanisani ulinituliza na kunichoma.

Mke wangu alipona, akarudi nyumbani. Ikafika Jumapili ya mavuno. Siku hiyo watu huleta mazao na mifugo, vinapigwa mnada palepale kanisani, pesa inakuwa ya kanisa. Kuku mwekundu wa yule mama akainuliwa juu, nikaona njia. Wengine walikuwa wamefika shilingi kumi. Nikasimama.

"Mia tatu!"

Vigelegele! Mzee wa mnada akauliza, "Jameni, huyu anataga dhahabu?" Pasta akaniwekea mikono kichwani. Nikatoka nje na kuku kwapani, nikijiona nimemaliza deni.

Yule mama akanifuata. "Asante, mzee. Kanisa limepata mabati. Mimi bado nalipa kodi Yamumbi."

"Lakini mama, uliniombea. Nilidhani umenisamehe."

"Nilikusamehe kabla sijapiga magoti kwako. Sasa ni shamba ndilo nauliza."

Mke wangu alikuwa nyuma yangu, bado amekonda. "Shamba gani?" akauliza. Sikuwa nimemwambia. Ikabidi nimweleze pale pale, watu wakipita wakinipongeza, na yule kuku akinidonoa mkono.

Kesho yake nilienda kumtafuta mpimaji wa ardhi, amkatie mama sehemu yake. Mama alilipa hisa yake kwa bei ile ile ya zamani. Nilitaka kumpunguzia, akakataa. Leo moshi wa jiko lake nauona ng'ambo ya ua. Nikipata shida bado namwita aje kuomba, na anakuja, nami bado siwezi kumtazama akiomba. Kuku, mke wangu alimrudishia siku ile ile ya mnada. Kwa hiyo hesabu ya deni lile ni hii: mpimaji na karatasi zake mia nne na kumi na tano, kuku ambaye sikumwonja mia tatu, jumla shilingi mia saba na kumi na tano.