Mchunga na Mchungaji

Rafiki yangu, wewe ninayekuamini, sogea nikuambie habari ya harufu. Ukivunja shina la mchunga, ule mmea wa maua ya njano ambao utotoni ulinipita kimo, hutoka maziwa meupe, na harufu yake chungu haitoki mkononi upesi. Nikiinusa narudi Ruiru, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, miaka ile ya Hali ya Hatari, nikiwa msichana mdogo wa Kikuyu ambaye Kiswahili bado kilinipiga chenga.

Ndugu yangu mdogo, Kamau, alishikwa na tumbo. Alitapika mpaka hata kulia akashindwa. Mama alimpakata tu, akiomba. Jirani yetu Mama Mutua, Mkamba aliyejua dawa, akaniambia, "Kimbia nyuma ya kanisa uniletee mchunga. Haraka!"

Kwetu mmea huo tuliuita mũthũnga. Mchunga sikuwa nimewahi kusikia. Lakini nyuma ya kanisa nilijua ni nani anakaa. Nikarudi nikimvuta mchungaji kwa koti, povu la kunyoa bado liko shavuni.

"Ngai wangu!" Mama Mutua akashika kichwa. "Nimesema mchunga, mizizi ya kuchemsha, wewe unaniletea mtu mzima!"

"Mama, mimi hata mkinichemsha sitoi dawa," mchungaji akasema. Mama yangu akacheka huku machozi yakimtoka.

Kumbe mchunga wa nyuma ya kanisa ulikuwa umeng'olewa wote na kuchomwa. Uliobaki ulikuwa nje ya geti la kambi, kando ya mto, na siku zile za wakoloni sisi hatukuruhusiwa kutoka bila pasi ya serikali. Pale nyumbani mwenye pasi alikuwa mmoja tu: mchungaji. Akajipangusa povu, akachukua jembe, akapita mbele ya askari wa geti kichwa juu. Alirudi na mizizi tele, matope mpaka magotini.

Mama Mutua akaichemsha, na Kamau akanywa maji yake kwa kijiko, kidogo kidogo. Jioni akaomba uji. Bwana asifiwe! Mama aliimba mpaka majirani wakaitikia kutoka nyumba zao.

Siku hizi naishi Kiganjo, Thika, na duka la dawa liko karibu, nashukuru. Kamau ni baba wa watoto watatu. Watoto wangu wanaupita mchunga barabarani wakiuita magugu. Mimi niliyejifunza kuandika ukubwani, kwenye masomo ya jioni, nakuomba umsimulie mtoto aliye karibu nawe, naye amsimulie mwenzake: nilisikia neno vibaya, na Mungu akanirudisha na mtu ambaye geti halingemzuia.