Pelagia wa Kasokola na Magoti ya Wazee

Alizaliwa Usevya, katika nchi ya Wapimbwe, tarehe 8 Oktoba 1958, mtoto wa tatu wa Romana, mama aliyelima mpunga mpaka miguu ilipomkatalia. Alibatizwa Pelagia kwa kuwa siku ile ni ya mtakatifu wa jina hilo. Mama yake alisema mtoto alizaliwa amekunja uso, na waliomfahamu baadaye wanakubali kwamba hakuukunjua sana. Mwaka 1978 aliolewa na Silvester, mkulima wa Kasokola, wakalea watoto wanne, na mwaka 1999 akabaki mjane. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, wala maandishi haya hayalitangulii Kanisa. Yanaeleza tu waliyoyaona waamini wa kigango cha Kasokola, ambao walimchosha mno.

Wito wake ulianzia kwenye magoti ya mama yake. Kwa miaka mingi Romana alimeza vidonge vya maumivu vya dukani kama pipi, asubuhi na jioni, ili aweze kuinama shambani, na hakumwambia mtu. Februari 2009 akatapika damu. Pelagia alifika wodini amechelewa, mama amekwisha kata roho. Muuguzi mmoja, jina lake Angela, alimketisha kwenye benchi akamweleza wazi kwamba magoti hayaui. Vidonge vile, kwa umri ule na bila usimamizi, ndivyo vilivyomtoboa mama tumbo. Pelagia hakulia, alikasirika. "Sasa hao wazee wengine wanaoumwa wameze nini?" Angela akamjibu, "Wengi si lazima wameze, mama. Ipo dawa ya kuchua." Akamfundisha pale pale: jeli kidogo kwenye goti linalouma, mara kadhaa kwa siku kama karatasi inavyoelekeza, kila siku, isipakwe penye kidonda, isifungwe nailoni, mtu asiote moto nayo, na mwenye ugonjwa mwingine aulize zahanati kwanza. Kisha anayechua anawe mikono. Hayo ndiyo aliyoyahubiri Pelagia kwa miaka kumi na tano, nyumba kwa nyumba.

Mtu angedhani ni mambo mepesi. Thubutu! Mzee Ndaki, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake, alinunuliwa jeli na wanawe mjini Mpanda. Akaijaribu kwenye ngozi, akaona haiwashi, akaikoroga na pilipili kichaa, akafunga goti kwa mfuko wa nailoni na kulinyoosha mekoni. Pelagia alikuta lengelenge kubwa kama yai. "Yesu na Maria! Mzee, nani alikutuma?" Ndaki akasema kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, dawa isiyowasha inafanya kazi gani?" Pelagia alimpeleka zahanati akimfokea njia nzima. Halafu akarudi kila siku, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya kigoda chake, akamchua goti la pili, na mdomo haukupumzika. Ndaki alikuja kukiri kwamba tangu mkewe Kabula afariki hakuna mtu aliyewahi kumgusa mguu, na kwamba alikuwa anavumilia kufokewa ili mama yule asiache kuja.

Lakini kilichomkondesha Pelagia kilikuwa kitu kimoja. Wazee wa kigango walikuwa wanaiweka ile jeli kwa ajili ya Jumapili tu. Jumatatu mpaka Jumamosi tyubu inakaa sandukuni pamoja na kitenge kizuri. Jumapili asubuhi wanajipaka, ili wapige magoti vizuri misani. Kanisa zima linanukia kama duka la dawa! Na kwa kuwa dawa ya siku moja haisaidii, wanameza na vidonge juu yake. Paroko alitangaza mara mbili altareni kwamba wagonjwa wakae. Walijibu amina, wakapiga magoti.

Mmoja wao alikuwa Mama Verdiana, aliyepandikiza mpunga pamoja na Romana ujanani. Mwaka 2019, akiwa na miaka themanini na moja, alianza kushika tumbo baada ya misa, na Pelagia akauona uso wa mama yake. Alijua kwamba huyu naye atamzika kwa ugonjwa ule ule. Akamsihi aache vidonge, akae. Verdiana akashangaa. "Mwanangu, Yesu anashuka altareni, mimi nimekaa kama niko kilabuni?"

Basi Jumapili iliyofuata, wakati wa mageuzo, kanisa zima linapopiga magoti, Pelagia mwenye magoti mazima aliketi benchi la mbele, akiwa peke yake kati ya watu mia mbili. Baada ya misa Respicius, mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, akamwita. "Mama Pelagia, huna ugonjwa. Unamdharau Mungu?"

"Magoti yangu mazima, mwenyekiti. Ya kwao siyo. Mpaka mmoja wao aketi, mimi nitaketi."

Respicius akamvua uongozi wa jumuiya aliokuwa nao. Wengine wakaacha kumsalimia. Jumapili kumi na moja aliketi pale masikio yakimwaka moto kwa aibu, yeye aliyependa kupiga magoti kuliko wote, na akirudi nyumbani alipiga magoti kando ya kitanda kulipia. Alimlalamikia Mungu waziwazi kwamba watu wake ni wabishi. Jumapili ya kumi na mbili Verdiana alianza kushuka apige magoti, akakwama katikati, mkono kwenye benchi. Pelagia hakugeuka. Alisogeza tu kitabu chake cha nyimbo. Verdiana akajivuta, akaketi kando yake.

"Usiseme kitu," akanong'ona.

"Sijasema kitu."

Wiki ile alimkabidhi vidonge vyote. Hospitalini walimkuta na kidonda tumboni, wakamtibu akapona. Pelagia akawa anamchua asubuhi na jioni, Jumatatu kama Jumapili. Jumapili iliyofuata wazee saba waliketi.

Pelagia alifariki Mpanda tarehe 3 Machi 2024 kwa homa ya mapafu. Binti yake Evaline alipomshika mkono, neno lake la mwisho lilikuwa, "Umenawa?" Kwenye misa ya maziko, wakati wa mageuzo, Verdiana alitaka kumheshimu kwa kupiga magoti. Alishika benchi, akainama kidogo, akasita. "Hapana," akasema, kanisa zima likasikia. "Huyu atanifokea." Akaketi, akalia kwa sauti.

Yasimuliwayo baada ya hapo ni mengi. Watu wanatoka Sitalike, wanatoka milima ya Mwese kwa bodaboda, wanachota udongo wa kaburi lake na kujipaka magotini, na wapo wanaoapa wamepona. Jamani, udongo! Wengine wanaufunga na nailoni. Respicius, ambaye siku hizi naye anakaa benchi la wazee, ameweka pale ndoo ya maji yenye bomba na sabuni, na kila anayefika anamwambia yale ambayo Pelagia angeyasema. Wapendwa waamini, anayetaka kumwiga mama huyu aache udongo wake apumzike. Nendeni nyumbani mkawachue mama zenu wangali hai, leo, kesho na Jumatatu. Kisha mnawe mikono.