Paa Lililokomea Mlangoni

Ninaposikia harufu ya lami inayoyeyushwa, iwe barabarani au juu ya nyumba ya jirani, huwa nimesharudi Majengo, nyumbani kwa Bibi, mamake mama yangu. Watengeneza barabara hunishangaa: mwanamke mzima na mkoba wake, amesimama anavuta pumzi kama aliyesikia harufu ya pilau. Kwetu lami ilikuwa dawa ya paa. Mabati ya Bibi yalikuwa yameliwa na kutu, na kila tundu lilizibwa kwa kipande cha gunia kilichochovywa lami ya moto. Nilipofika darasa la nne, lilikuwa paa la lami lenye viraka vya bati.

Mwaka huo Babu alifariki, na Bibi akakaa eda. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na baraza, kile kikalio kirefu cha saruji kinachoshikana na ukuta, kimefunikwa na upenu wa paa. Kila alasiri Babu na rafiki zake walikaa pale, wakicheza bao, wakinywa kahawa na kubishana juu ya mambo ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na uwezo wa kuyabadilisha. Babu alipozikwa, walihama mara moja, kama inavyotakiwa. Wanaume hawakai mlangoni pa mwanamke aliye edani. Wakajibanza kwenye kona ya duka la mkaa, juu ya makreti ya soda.

Eda ikaisha, na wao hawakurudi. Nadhani kila mmoja aliona haya kuwa wa kwanza, kwa kuwa mtaa wetu una macho mengi na midomo zaidi. Bibi naye, mwanamke wa heshima zake, hakuweza kutoa kichwa dirishani akawaita wanaume waje kukaa mlangoni pake. Watu wangepata habari za kutosha mwaka mzima. Kwa hivyo akawa anatia mdalasini na tangawizi katika birika ya kahawa kwa mazoea, kisha anakumbuka na kuiepua jikoni.

"Nyumba imekuwa bubu," aliniambia siku moja.

Mimi nikadhani anaisema redio, nikajitolea kwenda kununua betri.

Kabla ya mvua za masika, Mjomba Athmani, kifungua mimba wa Bibi, alikuja kupima paa ili aagize mabati mapya. Mjomba alikuwa karani wa duka la vipuri na alipenda hesabu kuliko wali. Kwa kuwa nami nilijua kuzidisha, alinifanya msaidizi. Alichukua makaa akachora ukutani, na Bibi hakumgombeza kwa kumchafulia ukuta, jambo ambalo lingepaswa kunishtua.

"Paa ni kitabu ulichokifungua ukakilaza kifudifudi," alinifundisha. "Kurasa zake ni mbili. Ukijua eneo la ukurasa mmoja, umelijua paa zima. Lakini usipime sakafu ukasema umepima paa. Paa limeinama, na kilichoinama ni kirefu kuliko kivuli chake."

Nilimwona ana akili kuliko walimu wangu wote. Alipanda ngazi akashika ncha ya tepu kwenye mgongo wa paa, pale kurasa mbili zinapokutana. Bibi alisimama chini, akaishika tepu upande wa mbele.

"Ivute mpaka mwisho, mama," Mjomba akapiga kelele.

Bibi akaivuta mpaka usawa wa kizingiti cha mlango, akaibana hapo kwa kidole gumba.

"Hapa ndipo nyumba ikomeapo," akasema.

"Na baraza, Bibi?" nikauliza.

"Baraza ina wenyewe."

Mjomba, huko juu jua likimchoma utosi, alitaka namba tu. Akaisoma, mimi nikazidisha, yeye akaongeza kidogo kwa ajili ya mabati kulaliana, nasi tukapongezana. Upande wa uani akaupima vivyo hivyo, mpaka ukutani. Mabati yaliagizwa yakatwe kwa kipimo kile kile.

Yalipokuja yaling'aa hata kuku wa jirani wakayakimbia. Fundi aling'oa paa kuukuu pamoja na boriti zilizooza za upenu, akalaza bati la kwanza, akakuna kichwa. Liliishia juu ya mlango. Akamtazama Mjomba. Mjomba akaitazama tepu kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. Alirudia hesabu ukutani, akairudia kwenye kiganja, na kila mara jibu lilikuwa sahihi na baraza ilikuwa juani.

"Pigilia, fundi," Bibi akasema. "Nyumba yangu imeenea."

Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga. Nilijua ni mimi niliyezidisha, na niliamini kwamba nimemharibia Bibi nyumba yake.

Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yote ya ukurasa wa mbele yalimiminika barazani. Alasiri yake Mzee Charo alikuwa akipita. Huyu alikuwa Mgiriama, mpakiaji mizigo bandarini, aliyemfunga Babu bao mara nyingi na kulitangaza kila ushindi mpaka sokoni Marikiti. Alisimama njiani mwamvuli ukimvuja.

"Masalkheri, Mama Athmani."

"Akheri, Mzee Charo," Bibi akajibu kutoka nyuma ya mlango.

"Hii baraza mbona mumeitupa?"

"Mimi nimeezeka kwangu, Mzee Charo."

Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Mzee Charo akayatazama maji yakipiga pale alipozoea kuweka makalio yake. Kisha akasema, "Haya, mama," akaenda zake.

Ijumaa, baada ya swala, walikuja wote. Mzee Charo, ambaye hakuwa na swala ya Ijumaa, alikuwa amewatangulia, kabeba bati la buluu kichwani. Kila mmoja alileta lake: moja lilitoka kwenye kibanda cha kuku, jingine bado lilikuwa na tangazo la sabuni. Juu ya kupima, walibishana mpaka adhana ya alasiri. Hakuna aliyetaka habari za kurasa wala mgongo. Fundi alipokwisha kuweka boriti mpya za upenu, kila mtu alikaa mahali pake pa zamani, akaelekeza kidole juu, na fundi akapigilia bati lake hapo. Mwenye tumbo kubwa alihitaji mawili. Mahali pa Babu walipaezeka kwanza, kwa pamoja, na wakati huo hakuna aliyebishana.

Walipomaliza, Bibi alinipa birika na vikombe nipeleke nje. Kahawa ilikuwa tayari imeiva. Mjomba Athmani alijisifu mpaka uzeeni kwamba kosa lake ndilo lililoipendezesha baraza, na Bibi hakumpinga hata siku moja.

Miaka mingi baadaye baba yangu alifariki, hapa tunapoishi sasa, kwenye fleti isiyo na baraza. Baada ya matanga rafiki zake hawakuja tena, kwa heshima, hata eda ilipoisha, na siku moja alasiri nilimkuta mama kakaa sebuleni, redio inaimba kwa sauti ya juu, naye haisikii. Ndipo nikaelewa Bibi alikuwa amekosa nini: vikohozi, ubishi, kete zikigonga bao, sauti za wanaume waliolijua jina la mumewe na kulitaja kila siku. Hakuwa na ruhusa ya kuwaita. Alichoweza ni kuwaachia kazi.

Nilikaa karibu na mama, nikaizima redio. Kisha nikachukua simu, nikaanza kuwapigia wazee rafiki za Baba mmoja mmoja, nikiwaambia kwamba mlango wetu umelegea bawaba na hatuna mtu wa kuutazama.