Jiwe la Majivu Jikoni Kilburn

Kazi yangu ni kulinganisha miamba kwa majivu. Volkano ikilipuka, majivu yake hutua mbali na karibu kwa wakati mmoja, na kila mlipuko una kemikali zake. Ukikuta majivu yaleyale kwenye mabonde mawili, umejua matope yaliyogeuka mwamba huku na kule ni ya rika moja. Utafiti wangu wote ulisimama juu ya mawe mawili, moja kutoka kila bonde huko kwetu. La bonde la pili nililiwahi tu. Muda mfupi baadaye ziwa la jirani lilifurika likameza mahali pale.

Nilitua Heathrow Ijumaa jioni, maabara imefungwa, nikayabeba mawe hadi fleti yetu ya Kilburn. Moja lilikuwa kavu, nikaliacha kwenye begi. Hilo la bonde la pili, dogo na laini kama udongo, lilikuwa na unyevu, nikaliweka kwenye sahani jikoni, karibu na hita.

Dada yangu, ninayeishi naye, alikuwa mjamzito, na tangu mimba iingie alikuwa akitafuna odowa, ule udongo mgumu wa wajawazito, kama mtu anayekula njugu. Aliifuata hadi maduka ya Peckham, upande wa pili wa jiji, mvua inyeshe, isinyeshe. Kesho yake nilitoka sokoni nikakuta sahani imeoshwa.

"Aki asante kwa kunikumbuka," akaniambia. "Hii ya nyumbani inanukia mvua. Ya Peckham ni takataka."

Nikakaa. Nikamuuliza kama kuna makombo, maana hata chembe ingenifaa. Akanionyesha bakuli lake: alikuwa ameyamwaga humo, juu ya odowa ya dukani, akatikisa. Na hiyo ya dukani nani ajuaye ilichimbwa kwenye majivu gani? Sampuli ikishachanganyika hakuna atakayeiamini. Hapo maji yalikuwa yamezidi unga.

Nilitamani kumfokea. Lakini kwetu ukitoka nyumbani na dada yako ana mimba, odowa unamletea bila kuombwa. Yeye aliamini nina utu. Kumbe sikuwa nimemletea chochote. Nikampigia simu mkunga, akasema anywe maji na asile tena udongo huo. Dada akaniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia ni uchovu wa safari.

Jumatatu nikaliingiza jiwe lililobaki kwenye mashine. Majibu yakatoka safi, mazuri kuliko yote niliyowahi kupata. Msimamizi wangu akayatazama kwa furaha, akavuta kiti.

"Haya," akasema, "sasa leta ya bonde la pili."